Marahaba Kabla ya Shikamoo

Kijiwe chetu kiko Kalangalala, hapa Geita, chini ya nguzo ya transfoma, ubavuni mwa kibanda cha kuchajia simu. Ni benchi moja la mbao na mawe matatu ya kukalia wanaochelewa. Mimi nauza kahawa na kashata hapo tangu Shadya wangu hajaota meno. Baba yake yuko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Simu yake ikipatikana nashukuru, isipopatikana nawasha jiko. Wateja wangu wa asubuhi ni wale wale. Mzee Shaaban tunamwita Mizani, kwa sababu alikuwa akiwapimia watu dhahabu kabla macho hayajamchoka. Sostenes ni Karasha, kwa ile mashine ya kusaga mawe anayoiendesha, na mashine hiyo imemzoesha kupaza sauti hata akikuambia siri. Mzee Ansgar, Katekista, ni mtu wa Ushirombo aliyefiwa na mkewe; anasema kahawa ya kunywa peke yako ni dawa, si kahawa. Na yupo Evance, kijana wa Bukombe aliyekuwa akitengeneza simu, siku hizi anaandika programu za kompyuta. Yeye wamempa jina la Waya. Huja na laptop yake kwa sababu ya umeme wa kibanda, lakini nadhani pia ni kwa sababu chumbani kwake hakuna wa kumwambia habari za asubuhi.

Asubuhi hiyo alikuwa na kisanduku mapajani. Ukubwa wake kama redio ndogo, na juu yake kuna vifungo vipana, kila kimoja kimebandikwa picha: kikombe, sahani, blanketi. Kilikuwa cha baba yake, mzee Deusdedit, aliyepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulibaki, ulimi ukaenda. Klara, dada yake Evance, ndiye aliyejua maana ya kila ishara ya mzee, na Klara sasa ameolewa na mfanyabiashara wa dagaa, kesho anahamia Nkome. Atakayebaki na mzee ni jirani, mama mmoja anaitwa Tereza, ambaye ishara zile hazijui. Ndiyo maana Evance alitengeneza kisanduku. Mzee akibonyeza picha, kisanduku kinasema kwa Kisumbwa, lugha ya kwao. Sauti alitoa Ansgar. Tereza alikuwa njiani kutoka Bukombe kukifuata, arudi nacho kwa basi la mchana.

Na kisanduku hakijasema neno hata moja.

— Bado? aliuliza Karasha.

— Bado, alisema Evance.

— Tatizo nini hasa?

— Inasema haijui kutoa sauti.

— Si ulituambia hiyo ya kutoa sauti umeileta?

— Nimeileta. Imo humu humu. Nimeionyesha na njia ya kuifikia. Inaiona, halafu inasema haiijui.

— Kama mtoza ushuru, alisema Mizani. Tuelezee pole pole, Waya. Sisi si watoto.

Evance akaweka kikombe chini. Ni kijana ambaye ukimuuliza jambo hakuoni mjinga, hilo nimeliona siku nyingi.

— Programu siandiki yote mwenyewe, alisema. Kazi ya kutoa sauti walishaiandika watu wengine huko nje, wakaiweka pamoja. Inaitwa maktaba. Mimi naazima. Sasa ndani ya kompyuta kuna kama fundi cherehani, kiunganishi. Anachukua programu yangu na hizo maktaba, anazishona ziwe nguo moja. Akifika mwisho ananiambia: umetaja kazi fulani, na mwenye kazi hiyo sijamwona.

— Na kwenye hiyo laptop yako?

— Kwenye laptop inakubali. Lakini kule kwa mzee hakuna mtandao wala fundi. Nataka kila kitu kishonewe ndani ya kisanduku, kisitoke kwenda kuazima tena. Nikijenga hivyo, inagoma.

Mizani akavuta kofia yake mbele, dalili kwamba ameshapata jibu.

— Hiyo maktaba ni ya nje, si ndiyo?

— Ya nje, mzee.

— Ina barua ya utambulisho? Mtu akitoka nje anapita kwa mwenyekiti wa mtaa, anaandikwa, ndipo anajulikana. Wewe umeingiza mgeni kwa mlango wa uani.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Karasha. Ina siku ngapi humo?

— Wiki.

— Unaona. Wiki nzima inakula tu. Ipe jembe kwa nguvu, ng'wanawane, mwanangu.

— Jembe lipi, kaka Karasha?

— Hilo utajua wewe. Mimi nakupa methali, kulima ni kwako.

Ansgar akatikisa kichwa. Yeye huongea polepole kama anayesoma.

— Tatizo ni jina. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani na jina la ubatizo. Ukimwita Masanja mbele ya padri haitiki, ukimwita Leonardi kisimani haitiki. Labda umeita maktaba kwa jina la kisimani.

— Jina nimeangalia, mzee. Herufi kwa herufi.

— Basi mkono mtupu haulambwi, alisema Mizani. Huyo fundi wako wa ndani anataka kitu.

— Ni mashine, mzee.

— Hata mizani ni mashine, na nimeziona zikipewa.

Karasha akasogea hadi karibu amwage kahawa ya mwenzake.

— Sikilizeni. Sisi tumekaa juu ya dhahabu. Hapa chini, tulipokaa, kuna mwamba. Dhahabu inavuta. Ile mashine yangu siku nyingine inazunguka yenyewe kushoto, mwenyewe nimesimama kulia. Sasa kitu kidogo kama hicho, chenye waya nyembamba kama nywele, kitaacha kuchanganyikiwa? Gete, kweli nakwambia, kipeleke Ushetu kwenye tumbaku, huko chini hakuna kitu, kitaongea hadi mkinyamazishe.

— Penye wengi pana mengi, aliongeza Mizani. Kwa hiyo tukipungua hapa kwenye benchi kitatengemaa. Karasha, wewe anza kuondoka.

Tulicheka. Evance naye alicheka kidogo, huku macho yakiwa kwenye kioo cha laptop. Niliona alikuwa hajagusa kashata. Nilimwekea nyingine juu ya ile ya kwanza, maana mtu mwingine anakula akiona zimekuwa mbili.

— Mimi naona hivi, alisema Mizani, na sauti yake ikashuka. Hicho ni kitu cha mjini. Kimezaliwa hapa kwenye umeme na watu. Kimesikia kinapelekwa kukaa na mgonjwa, mchana kutwa ndani, kikimtazama. Ndiyo kimejifanya bubu.

— Mzee Mizani, alisema Ansgar.

— Nasema kisanduku. Ingawa hata watu wapo wa namna hiyo.

Evance akafuta vumbi kwenye vifungo kwa ncha ya shati, kimoja kimoja, na havikuwa na vumbi.

— Ulikwenda lini mara ya mwisho? Karasha alimuuliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea taratibu.

— Mavuno ya mwaka jana.

— Ni mbali?

— Si mbali.

Nikaona nibadilishe maneno. Nikamuuliza kama hapa Geita hakuna mwenzake hata mmoja anayefanya kazi ya namna hiyo.

— Hapa sijapata, Mama Shadya. Yupo Ayubu, tulisoma wote, yuko Mwanza.

— Si umpigie.

— Ana kazi kubwa. Hatujaongea muda. Nikimpigia leo ataona nina shida tu.

— Si kweli unayo? alisema Mizani.

Evance akavuta laptop karibu. Akaandika tena, akabonyeza, yakaja yale maandishi mekundu. Akafunga macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba ambaye hataki wenzake wajue.

Basi niliona Karasha akigeukia upande wa nguzo, simu yake karibu na tumbo, vidole vyake vinene vikitafuta namba pole pole. Muda si muda simu ya Evance ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kuongezewa muda wa maongezi. Evance akautazama, kisha akatutazama mmoja mmoja. Karasha alikuwa amekazana kuitazama transfoma.

— Hii nguzo imeinama, alisema Karasha. Nani mwingine ameona hii nguzo imeinama?

Evance akapiga. Aliweka sauti ya nje kwa heshima ya benchi, maana wote tulishasogea.

— Bukombe, ilisema sauti. Nilidhani umenifuta.

— Nisamehe, Ayubu. Nimekwama.

— Sema.

Akamweleza. Ayubu alisikiliza bila kumkatiza. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wa ofisini na mlango unafunguliwa na kufungwa.

— Nisomee huo mstari unaoziita programu na maktaba, alisema Ayubu. Mmoja mmoja, kama ulivyowapanga.

— Nimeanza na maktaba ya sauti yenyewe, ile kubwa. Ikafuata ile ndogo niliyoandika mimi, ya maneno ya mzee. Mwisho programu.

— Kwa nini umeanza na kubwa?

— Si ndiyo mkubwa. Wote wanaitegemea.

Ayubu akacheka, lakini kicheko cha mtu anayejikumbuka.

— Na mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza, alisema. Mama yangu alinilea kwamba mkubwa hutangulia, nikampanga mkubwa mbele. Sasa sikia. Huyo kiunganishi anapita mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Harudi nyuma. Akifika kwa mkubwa anauliza, hadi hapa kuna mtu ameomba kitu kwa huyu? Hakuna, kwa sababu mwenye kuomba hujamtaja bado. Basi hachukui kitu, anaendelea na safari. Mbele huko ndipo anamkuta programu analia, nataka sauti, nataka sauti. Mwenye sauti ameshapitwa.

— Mbona kwenye laptop inakubali?

— Kule unaazima wakati wa kuendesha, na fundi wa kule kwako ni mvumilivu. Ukitaka vyote vishonewe ndani, uvumilivu hakuna. Anza na mwenye shida. Afuate anayemsaidia. Mkubwa wa wote aje mwisho.

Mizani alishindwa kuvumilia.

— Mashine gani hiyo inayomweka mkubwa mwisho? Mimi nina miaka sabini, nikae nyuma ya watoto kama mkia?

— Ngoja, alisema Ansgar, na akainua kidole. Waya, asubuhi ukinikuta hapa, nani anaanza?

— Mimi, mzee. Nasema shikamoo.

— Na mimi?

— Unasema marahaba.

— Basi. Wewe umeweka marahaba kabla ya shikamoo. Mzee wa watu kaitikia, kumbe hakuna aliyemwamkia. Kajiona mjinga, kachukua fimbo yake, kaondoka.

Mizani akafikiri. Akakubali taratibu, kama anayesoma uzito.

— Hapo sawa, alisema. Hata mimi ningeondoka.

Kwenye simu Ayubu alikuwa bado anacheka. Kisha akauliza:

— Mzee anaendeleaje?

— Yupo, alisema Evance.

— Yupo vipi?

— Yupo tu, Ayubu.

Ofisini kwa Ayubu mlango ukafungwa, makelele yakapungua. Nadhani alikuwa ametoka nje.

— Ungenipigia, alisema. Si kwa ajili ya kompyuta.

Wakaagana. Evance akapanga upya ule mstari: programu mbele, ile ndogo katikati, kubwa mwisho. Akabonyeza. Hakuna aliyenywa. Maandishi yakapita, meupe, hakuna jekundu. Akaunganisha waya kwenye kisanduku, akasubiri, kisha akabonyeza picha ya kikombe.

— Naomba maji, kilisema kisanduku kwa Kisumbwa.

Ilikuwa sauti ya Ansgar, ila ndani ya kile kisanduku ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu aliyelala. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshachota maji kwenye ndoo kabla sijafikiri. Nikabaki na kikombe hewani, sijui nimpe nani. Nikampa Ansgar. Hakuwa ameomba. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akanirudishia bila kuniangalia. Anaishi peke yake nyuma ya kanisa. Sidhani kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumwambia maneno hayo.

— Nilisema dhahabu inavuta, alisema Karasha. Imeachia.

Tereza alifika muda mfupi baadaye, akishuka kwenye bodaboda. Mama wa makamo, kitenge cha kijani, mfukoni michembe aliyomletea Evance, viazi vile vikavu vya nyumbani ambavyo kwa hapa mjini huvipati vitamu. Akawaamkia wazee, akaniuliza habari ya mtoto aliyelala mgongoni mwangu, akakaa kwenye jiwe ingawa Mizani alikuwa amempisha kwenye benchi. Nikampa kahawa. Alisema gari lake ni la saa nane, lakini alikuja mapema ili asije akamkosa kijana.

Evance akapiga magoti mbele yake kumwonyesha.

— Hiki ni maji, mama. Hiki chakula. Hiki anasikia baridi. Hiki anaumwa. Hiki anataka kugeuzwa. Hiki anataka kutoka nje. Hiki ni redio. Hiki cha mwisho ni asante.

Tereza alibonyeza vyote, na kila kimoja alikiitikia. Ngoja nikuletee, alisema kwenye maji. Kwenye maumivu alisema pole. Kwenye asante alisema, karibu, mzee. Alikuwa anafanya mazoezi, lakini alivyosema utadhani mzee Deusdedit ameketi pale pale juu ya mawe yetu. Mizani akavua kofia, sijui kwa nini, akaivaa tena.

— Kizuri, alisema Tereza. Ni kizuri sana, mwanangu. Na akitaka kukuita wewe, anabonyeza wapi?

Evance akakitazama kisanduku.

— Kwa maana jioni huwa anafanya hivi, aliendelea Tereza. Akaweka kikombe chini, akapiga paja lake kwa kiganja, taratibu, huku ametazama upande, kama kuna mlango pale. Anapiga kitanda hivi, anatazama mlangoni. Nilimuuliza Klara, akasema hapo anamwita Evance. Katika ishara zake zote hiyo ndiyo pekee niliyoijua. Klara huwa anamwambia, Evance yuko kazini, baba, atakuja. Sasa mimi nimwambie nini?

Karasha alikuwa ameshafungua mdomo. Nilijua kuna methali humo. Akaufunga. Mizani aliitazama kahawa yake. Mimi nilikuwa na birika mkononi na vikombe vyote vilikuwa vimejaa.

— Hilo neno sikuambiwa niliseme, alisema Ansgar.

— Vifungo vimeisha, alisema Evance, kwa sauti ndogo. Niliweka vile vya lazima.

Tereza hakumlaumu. Aliendelea kusubiri, uso wake mpole, kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya. Kisha akainama, akagusa kifungo cha mwisho.

— Toa hiki, alisema.

— Hicho ni cha asante, mama. Ni chako.

— Najua. Weka jina lako. Mimi asante yake nitaiona tu usoni.

Nimeona watu wakitoa vitu hapa kijiweni: vocha, kashata, nafasi ya kukaa. Sikuwahi kuona mtu akitoa kitu ambacho bado hajapewa.

Evance akachukua bisibisi. Ansgar hakungoja kuombwa. Alichukua simu ya kurekodia, akaenda nyuma ya kibanda, pale alipokuwa amesemea maneno yale mengine, kwa kuwa mabati yanazuia kelele za barabara. Sote tukanyamaza, hata Karasha. Sauti ikatoka kule nyuma, haikupazwa.

— Evance.

Evance alikuwa ameinamia kisanduku, skrubu mdomoni. Akaitoa.

— Naam, baba, akaitika.

Ansgar akachungulia pembeni mwa kibanda.

— Umeingia, alisema. Umesikika humu.

— Kiacheni hivyo hivyo, alisema Mizani. Akiita, aitikiwe. Kuna ubaya gani?

— Hata mimi naona hivyo, alisema Karasha. Mzee ataburudika moyo.

Na mimi, kusema kweli, niliona ni wema. Nilimfikiria mzee yule jioni, anabonyeza, anaita, na mwanawe anamwitikia. Tereza alikuwa akimtazama Evance.

Evance aligeuza bisibisi mkononi, mara huku, mara huku.

— Hapana, mzee, alisema. Irudie. Nikiitikia humo ndani, sitakwenda nyumbani.

Ansgar akarudi nyuma ya mabati. Tukamsikia akikohoa kidogo, akisafisha koo. Kisha akaita tena, jina lile lile, taratibu kuliko mwanzo. Safari hii Evance alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na mimi nilimtia Shadya ziwa upesi, ili naye asisikike humo.